Ulaji wa matunda na mboga kwa wanafunzi: umepanda au umeshuka? Njooni na vipimo

#1 Mpima_Chungu (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za jioni. Uzi huu ni wa maafisa lishe, walimu wa afya shuleni na vijana wa vyuo wanaoandaa tafiti. Hoja ni hii: una madodoso mawili ya shule zilezile, moja la Januari 2019, jingine la Agosti 2024. Waliojibu "ndiyo" kwenye swali "Jana ulikula mboga?" wamepungua. Unaruhusiwa kuandika kwamba ulaji wa mboga umeshuka?

Mimi nasema hapana, na sababu ya kwanza ni neno lenyewe. Mtoto wa Tabora au Morogoro ukimuuliza "jana mlikula mboga gani?" atakutajia dagaa, maharage, nyama na mlenda kwa pumzi moja. Mboga kwake ni chochote kinachoshushia ugali. Kwa hiyo dodoso la kwanza limehesabu dagaa pamoja na mchicha. Miaka mitano baadaye anakuja msimamizi mwingine, anauliza "mboga za majani", na watoto wa nyumba zilezile, chungu kilekile, wanajibu hapana. Kwenye grafu mstari umeporomoka, kumbe kilichobadilika ni maneno mawili tu.

Sababu ya pili ni mwezi. Januari sehemu nyingi maembe bado yapo hadi yanaozea chini ya mti. Agosti hayapo, ila machungwa ya Muheza yapo sokoni, na hayo yanataka hela. Ukilinganisha Januari na Agosti umelinganisha misimu, miaka haimo.

Ya tatu ni kiasi. Mwaka 2023 WHO walitoa mwongozo wenye viwango vya umri: miaka 2 hadi 5 angalau gramu 250 za matunda na mboga kwa siku, miaka 6 hadi 9 angalau gramu 350, na kuanzia miaka 10 angalau gramu 400. Viazi, mihogo na jamii yake havimo kwenye hesabu. Swali la ndiyo/hapana halikuambii lolote kuhusu gramu 350. Mtoto aliyelamba kijiko cha kachumbari na aliyekula bakuli la matembele wote ni "ndiyo".

Karibuni, ila mje na namna ya kupima. Malalamiko ya "watoto wa siku hizi" yana majukwaa yake.

#2 Takwimu_Bila_Jasho

Mkuu umegusa penyewe. Niongeze mfano ambao wengi wanauingia kichwa kichwa: utafiti wa afya ya wanafunzi wa WHO, ule wa GSHS. Tanzania ilifanyika 2006, ikafanyika tena 2014. Watu wanachukua namba mbili, wanapiga mstari, wanaandika "mwelekeo". Ule wa 2006 ulikuwa wa Dar es Salaam peke yake, wa 2014 ni wa nchi. Mstari huo unaunganisha Kariakoo na Namtumbo.

Halafu someni swali lake. Haliulizi gramu. Linauliza katika siku 30 zilizopita kwa kawaida ulikula matunda mara ngapi kwa siku, na majibu yanaanzia "sikula kabisa", "chini ya mara moja kwa siku", hadi "mara 5 au zaidi". Mboga zina swali lake peke yake. Mtoto wa miaka 13 hakumbuki siku 30, anachokupa ni picha aliyonayo ya nyumbani kwao. Linafaa kulinganisha nchi na nchi, au mzunguko na mzunguko kama sampuli inafanana. Kujua kama bustani ya shule yako imeongeza mchicha kwenye sahani halifai.

Na sampuli jamani. Kugundua mabadiliko ya kutoka asilimia 40 hadi 50, ukitaka uhakika wa kawaida (asilimia 95, na nguvu, yaani uwezekano wa kuyaona mabadiliko kama yapo, asilimia 80), unahitaji watoto kama 385 kila awamu. Hiyo ni kama umewachagua mmoja mmoja kwa bahati nasibu. Ukiwachukua kwa madarasa zidisha, kwa kawaida mara 2, unafika kama 770. Na hata hiyo mara 2 haitoshi pale shule inapotoa chakula cha mchana: watoto 200 wanaokula sufuria moja, kwa mlo huo, wamekupa jibu moja. Shule 4 ni sufuria 4. Ongeza shule, punguza watoto kwa kila shule.

#3 Bi_Mchuzi

Assalaam alaykum. Huku Unguja hilo la neno halina shida sana, kwani cha kulia ugali au wali tunakiita kitoweo au mchuzi, na mboga ni mboga. Lakini dodoso likiandikwa Dodoma na kuletwa skuli za huku bila ya kusomwa tena, linageuka. Na likiandikwa huku likapelekwa bara, vilevile. Litafsirini kwa Kiswahili cha pale pale mnapouliza.

Jengine ni Ramadhani. Inarudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Mwaka 2014 ilianza mwisho wa Juni, mwaka 2024 ilianza katikati ya Machi. Mtu akisema "tumerudia mwezi uleule", atazame na mwandamo. Mwezi wa mfungo mtoto mkubwa hali mchana, lakini magharibi kuna tikiti, ndizi, maembe kama ni msimu wake, na uji. Ukimuuliza chakula cha skuli utapata sifuri, na siku yake nzima huenda ina matunda kuliko mwezi mwengine wowote. Siku za mfungo zirukwe, au zitiwe alama kwenye dodoso na zichambuliwe mbali.

#4 Mpima_Chungu

@Bi_Mchuzi ahsante sana, hilo la mwandamo ni la kuwekwa ukurasa wa kwanza wa kila itifaki (mwongozo wa utafiti).

Sasa njia. Kwa shule za msingi napendekeza kumbukumbu ya saa 24, lakini ifanywe vizuri, si ile ya "jana ulikula nini, haya wa pili". Hatua zake:

Acha mtoto ataje mwenyewe bila kumkatiza. Usimsaidie, usitikise kichwa.

Rudi mwanzo umtembeze siku nzima kwa matukio, si kwa saa: kabla hujatoka nyumbani, njiani, mapumziko, mchana, ulipotoka shule, ulipokuwa unacheza, jioni, kabla ya kulala. Hapa ndipo matunda yanajitokeza. Mapera, zambarau, ukwaju, furu, embe bichi la chumvi na pilipili: mtoto hayataji raundi ya kwanza kwa sababu kwake hicho si chakula, ni mchezo. Lazima uulize waziwazi, "njiani ulichuma au ulipewa kitu?" Dodoso lililoruka swali hilo linapunguza matunda ya watoto wa vijijini na kuacha ya mjini yaliyonunuliwa, halafu mtu anaandika kwamba mjini wanakula matunda zaidi.

Kisha kiasi. Beba vyombo halisi: bakuli ya plastiki ya sokoni, kikombe cha bati, kijiko cha chakula, na mizani ya jikoni inayosoma gramu. Mtoto aonyeshe kwa kujaza mchele au mchanga, wewe ukadirie ujazo, kisha ubadilishe kuwa gramu kwa jedwali ulilotengeneza mwenyewe kwa kupima mchicha uliopikwa, chainizi iliyopikwa na papai lililokatwa. Usitumie gramu za mchanga, tafadhali. Kuna watu wamefanya.

Chini ya miaka 8 usimhoji peke yake. Mhoji na anayempikia, mama au bibi, mtoto akiwa pembeni wa kusema "hapana, hiyo ilikuwa juzi".

Na siku zigawanye. Ukihoji Jumatatu tupu umepata Jumapili tupu. Kama kuna gulio Alhamisi, Ijumaa inakula tofauti na Jumatano.

#5 mlaji_mkuu77

Sasa sinia je? Nyumba ya watoto watano wanakula sinia moja, hizo gramu za mmoja utazitoa wapi?

#6 Mpima_Chungu

@mlaji_mkuu77 swali zuri. Kugawanya kwa tano ni kosa kwa sababu mkubwa anakula haraka na mdogo anamaliza ugali mtupu. Kwa sinia usidanganye gramu. Rekodi kama kundi la chakula limeliwa au la, na uweke kizingiti: lisihesabiwe kama ni chini ya gramu 15, sawa na kijiko kimoja cha chakula hivi. Kizingiti hicho kimekopwa kwenye kipimo cha FAO (shirika la chakula la Umoja wa Mataifa) cha mchanganyiko wa mlo wa wanawake wa miaka 15 hadi 49, kwa hiyo andika kwamba umekikopa. Faida yake ni kwamba kinaondoa nyanya mbili na kitunguu vilivyopotelea kwenye mchuzi wa watu saba.

Kwenye kipimo hichohicho ndizi za kupika ziko upande wa wanga pamoja na mihogo, ila viazi vitamu vya rangi ya chungwa vinaingia kwenye mboga na matunda yenye vitamini A. Amueni kabla, muandike, msibadilishe awamu ya pili. Kule Kagera na Kilimanjaro hilo peke yake linaweza kupindua matokeo yote.

#7 Wanjiku_wa_Shamba

Wadau wa Tanzania, salamu kutoka Kenya. Kwetu mtoto wa Nairobi ukisema mboga mara nyingi anawaza sukuma wiki au kabeji, kwa hivyo shida yetu ni kinyume: haitaji managu, terere, saga wala kunde hadi uziitie majina. "Mboga za kienyeji" kwa wengine ni kitu cha kwa nyanya, yaani bibi, mashambani. Wekeni orodha yenye majina ya pale mlipo, kisha muache nafasi ya "nyingine".

Na githeri (mahindi na maharagwe) ikitiwa majani ya kunde mwandikaji anaandika "githeri" anaendelea na safari. Mlo mchanganyiko uvunjwe: ndani mlikuwa na nini?

#8 Chipsi_Dume

Yaani kurasa zote hizi za nini? Kila mwenye macho anaona. Nendeni geti la shule yoyote mapumziko, hesabuni chipsi, bagia na juisi za unga. Ulaji umeshuka, funga uzi.

#9 Takwimu_Bila_Jasho

@Chipsi_Dume getini unaona kinachouzwa. Huoni kilicholiwa nyumbani usiku, ambako ndiko majani mengi yanaliwa. Na getini hapohapo kuna matango ya chumvi, miwa, ubuyu, embe la kukata. Ubuyu wa rangi na sukari uhesabiwe tunda au peremende? Itifaki nyingi zimekaa kimya hapo.

Ila unachosema kinapimika. Simama geti lilelile, saa ileile, siku 5 za wiki, andika kila bidhaa na idadi ya watoto walionunua. Rudia mwezi uleule mwaka mwingine. Hiyo ni takwimu. "Kila mwenye macho" siyo.

Kitu kingine cha kuandika pembeni: kuanzia Januari 2016 elimumsingi imekuwa bila ada, kufuatia Waraka wa Elimu Namba 5 wa 2015, na wazazi wengi wakaelewa kwamba na chakula kimo humo. Kama data yako ya kwanza ni ya kabla ya hapo, uliza kila shule: sufuria ya mchana ilikuwepo wakati ule? Ipo sasa? Mchango ni wa nini, mahindi na maharage tu au kuna fungu la mboga? Mara nyingi mchango unatajwa kwa kilo za mahindi na maharage, mboga inaachiwa bustani. Ndipo tunapofika kwa bwana shamba.

#10 Tuta_la_Mchicha

Nimeitwa nimekuja. Bustani ya shule inasifiwa sana kwenye ripoti na inakufa Septemba. Sababu ni hesabu, si uvivu wa watoto.

Chukua shule ya wanafunzi 300. Gramu 80 za mboga iliyopikwa kwa kila mmoja ni kilo 24. Mara 2 kwa wiki ni kilo 48. Mchicha wa kung'oa, ukitoa mizizi na mashina magumu, unatupa kama theluthi, kwa hiyo shambani unahitaji kilo 72 kila wiki. Tuta lililotunzwa linatoa kama kilo 1.5 kwa mita ya mraba kwa mvuno mmoja. Hiyo ni mita za mraba 48 zivunwe KILA WIKI. Mchicha unakaa wiki 4 tangu kupanda, na wiki 1 ya kugeuza udongo na kutia samadi. Zidisha kwa 5: mita za mraba 240. Matuta 24 ya mita 1 kwa 10. Shule nyingi zina matuta manne, halafu tunashangaa mboga haionekani kwenye sahani.

Maji sasa. Kiangazi lita 5 kwa mita ya mraba kwa siku. 240 mara 5 ni lita 1,200, ndoo 60 za lita 20 kila siku ya Mungu, pamoja na Jumamosi na Jumapili. Kama bomba liko mbali usianze na mchicha. Anza na matembele, unapanda vipande vya mashina na unachuma machipukizi miezi mingi, na kisamvu, kinachovumilia jua. Sukuma wiki na chainizi ni nzuri ila zinataka kitalu, dawa ya vidukari na mtu wa kudumu.

Samadi iliyooza kabisa, debe 1 kwa mita za mraba 5 hivi. Mbichi inaunguza miche, na kwa mboga za majani ni uchafu unaofika mdomoni. Mbegu za mchicha ni kama vumbi: changanya na mchanga mkavu, panda kwa mistari ya sentimita 20, funika kidogo sana. Ukizika chini hazioti, utalaumu duka la mbegu.

Likizo ya Juni na ya Desemba: mbegu ya mwisho iwe wiki 4 kabla ya kufunga. Ukipanda katikati ya Novemba unavuna maua.

#11 Ndoo_Tatu

Mkuu @Tuta_la_Mchicha hesabu ya maji umezidisha. Kundi moja kati ya matano liko wiki ya kugeuzwa, halimwagiliwi. Ni mita 192, lita 960, ndoo 48.

#12 Tuta_la_Mchicha

Kweli kabisa, 48. Bado ni nyingi lakini sahihisho limepokelewa.

#13 Mama_Lishe_Shule

Jikoni mmeparuka haraka. Mboga inaharibika kwenye mpangilio wa moto. Jiko la mafiga mawili, mpishi anapika maharage, halafu mboga, halafu ugali wa watoto 300 unamchukua muda mrefu. Mboga imekaa imefunikwa, imegeuka nyeusi, imekuwa chungu. Watoto wanaisukuma chini ya ugali au wanampa jirani. Kwenye daftari imeandikwa "mboga imetolewa", na dodoso likija mtoto anasema hakula. Wote wawili wamesema kweli.

Mboga ipikwe mwisho. Ioshwe kabla ya kukatwa, si baada. Maji kidogo yanayochemka, dakika 3 hadi 5 kwa mchicha, mafuta yaingie humohumo, kwa sababu karotini bila mafuta inapita tu tumboni. Msitishike na kupungua: vikombe 4 hadi 5 vya majani mabichi yaliyokatwa vinatoa kikombe 1 kilichopikwa. Mpishi mgeni anaona sufuria imejaa pomoni anadhani inatosha, baada ya dakika nne iko robo.

Magadi acheni. Yanalainisha na kuweka rangi ya kijani ya kuvutia, ila yanaua vitamini. Kisamvu kitwangwe kwanza: kutwanga ndiko kunaifungua ile sumu ya mihogo, kuchemsha kwa muda mrefu bila kufunika kunaitoa. Kisamvu cha dakika tano ni hatari.

Kwa shule ya makande, tia majani yaliyokatwa dakika 5 kabla ya kuepua. Hapo hakuna wa kuyasukuma pembeni.

Matunda: papai la kilo 1.5 ukitoa ganda na mbegu linabaki na kilo 1 hivi, vipande 12 vya gramu 80. Watoto 300 ni mapapai 25. Ndizi mbivu hazihitaji kisu wala maji, kwa hiyo ndiyo njia ya shule isiyo na bomba. Mkipanda mipapai, wekeni miche 3 kila shimo, subirini maua, ng'oeni madume ya ziada, acheni dume 1 kwa majike 10 au 20. Shule zinapanda mche 1 kwa shimo, nusu inatoka madume, halafu zinasema papai halikubali udongo wa hapa.

#14 Msomi_Baridi

Nichangie mbili za Ulaya kwa sababu zinahusu kulinganisha miaka. Norway walipima watoto wa darasa la 6 na la 7 mwaka 2001, wakarudi 2008 kwenye shule zilezile za Hedmark na Telemark, madarasa yaleyale. Hapo ndipo unaweza kusema "mabadiliko". Katikati, kuanzia vuli ya 2007, serikali ilianza kutoa tunda la bure kwa baadhi ya shule, huku nyingine zikibaki na mpango wa mzazi kulipia. Hivyo kila shule iliyopewa ikapata ya kulinganishwa nayo. Mpango huo wa bure uliondolewa 2014.

Uingereza, upande wa England, tangu 2004 watoto wa miaka 4 hadi 6 wanapewa tunda au mboga moja kila siku ya shule. Tathmini zake zilionyesha ulaji wa matunda unapanda wakiwa ndani, kisha wakitoka ongezeko linayeyuka. Kwa hiyo ukipima mradi wako, pima na darasa lililotoka kwenye mradi, si lililomo tu.

#15 Chipsi_Dume

Haya nimenyoosha mikono. Sasa unapimaje kilichosukumwa chini ya ugali?

#16 Mpima_Chungu

Mabaki. Chagua sahani 30 bila mpangilio, pima mboga ya kila sahani kabla ya kuigawa, weka alama ya rangi chini ya sahani. Ndoo mbili mlangoni: moja ya mboga, moja ya vingine. Pima ndoo ya mboga, toa kwenye jumla uliyogawa, gawanya kwa 30. Fanya siku 3 zisizofuatana. Mtu mmoja asimame upande wa nyuma wa jengo, kwa sababu kuku na mbwa wa jirani wanajua ratiba kuliko mwalimu wa zamu. Na kile mtoto anachompa mwenzake hakionekani kwenye ndoo, kwa hiyo waliokaa na sahani zenye alama wakae meza moja, tonge la kuhama libaki ndani ya hesabu.

Maneno ya swali nitakayotumia Agosti ijayo na Agosti itakayofuata ni haya, mnikosoe: "Jana, tangu ulipoamka hadi ulipolala, ulikula majani yoyote yaliyopikwa au mabichi, kama mchicha, matembele, kisamvu, mlenda, majani ya kunde, majani ya maboga, chainizi? Dagaa, maharage na nyama tutaziuliza baadaye."

#17 Bi_Mchuzi

Ongeza "hata yaliyochanganywa ndani ya chakula chengine". Na bamia, biringani na nyanya chungu si majani, zitakimbia hapo. Zipewe swali lao.